Siku Kumi za Mti wa Kitambaa: Historia ya Maisha ya Stella Eusebio Nampota

Siku ya Jumanne, tarehe 6 Juni 2017, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, Stella Eusebio Nampota, akiwa ameketi kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yake hapa Mtanda kwa sababu ndani mtandao ulikuwa haushiki, aliandika kwenye simu mistari sita kuhusu ubwiri unga, ule ugonjwa unaoyapaka maua ya mkorosho weupe kama majivu, akaiweka Facebook kwa jina la Asubuhi ya Mkorosho, kisha akaingia ndani kuwachemshia watoto chai. Waliosoma siku hiyo walikuwa watu kumi na mmoja, wanne kati yao ndugu zake. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka minane, na wengi mliokaa chini ya maturubai haya mliyajua maandishi yake kabla ya kuijua sura yake, ndiyo maana familia imeona historia ianzie hapo, halafu irudi kwenye utaratibu wake.

Baba Paroko, masheikh, wazee wetu, ndugu na majirani, marehemu alizaliwa hapa Lindi mjini, Jumapili, tarehe 9 Oktoba 1988, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa Mzee Eusebio Nampota, aliyekuwa katekista, na Bi Saida Khamisi, mzaliwa wa Kitomanga. Cheti cha ubatizo kinasema tarehe 10, kadi ya kliniki inasema tarehe 9, na familia imefuata kadi, kwa kuwa mkunga aliandika siku ileile, na baba aliandika wiki tatu baadaye kwa kumbukumbu. Kama mnavyotufahamu, nyumba yetu ina kanisa na msikiti ndani ya ua mmoja, na baba alipofariki tarehe 2 Mei 2001, aliyesimama mahali pake ni kaka wa mama, Mzee Kibwana Khamisi, mkulima wa korosho huko Kitomanga, kwa maana desturi yetu inasema mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, na wakikosea, yeye ndiye anayejibu.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa Mtanda kuanzia mwaka 1996 hadi 2002, akaendelea na sekondari hapa mjini kuanzia mwaka 2003 hadi 2006, na mwaka 2008 alihitimu mafunzo ya ukarani mjini Mtwara, sekondari na ukarani vyote kwa korosho za mjomba. Kuanzia Oktoba 2009 hadi Desemba 2016 alikuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha msingi cha wakulima, kazi ya kusimama msimu mzima kwenye vumbi la magunia, akisikiliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuyajibu, na mkataba wake ulipokwisha bila kuongezwa, alirudi nyumbani na daftari lililojaa maswali hayo. Ukurasa wake ulizaliwa humo.

Alifunga ndoa na Bwana Imani Chilumba, dereva wa bodaboda, Jumamosi, tarehe 25 Julai 2009, wakajaliwa watoto wawili, Cecilia, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 2011, na Haruna, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 2014. Majirani walimcheka mwanzoni, wakimpitia pale ngazini na kumwuliza, "Mama Cecilia, leo miti imekujibu?" na mumewe alizoea kuwaambia abiria wake kwamba mkewe ana mume mwenza, jina lake Mkorosho, na huyo ndiye anayeamkiwa kwanza.

Kuandika peke yake hakukumlipa, alijifunza hilo mapema, kinacholipa ni kuandikia watu wanaouza. Mwaka 2018 wenye maduka ya pembejeo walianza kumwomba awatangazie salfa, ile dawa ya kukinga ubwiri, mabomba ya kupulizia na magunia, na mwaka 2019 alivuka mara tatu kwenda Kilwa Kisiwani kuwaandikia akina mama wanaouza pweza mkavu, ambao mpaka leo wana wateja Dar es Salaam, na wawili kati yao wapo hapa. Aliamka saa kumi na moja kila siku, akaandika, akajibu ujumbe hadi kidole gumba kikafa ganzi, akalipia matangazo yasambazwe, akayatazama yakisambaa au yakidoda, na kesho yake akaanza upya, maana ukurasa ni kama mtoto mchanga, ukiacha kuulisha siku mbili unasahau sura yako. Aliwahi kumwambia mdogo wake wa mwisho, ambaye ndiye anayewasomea historia hii, "Mdogo wangu, kubeba gunia kuna kulitua. Hii haina kutua."

Familia isingependa kuipita hatua inayofuata, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuipita. Mwezi Juni 2020 mfanyabiashara mmoja kutoka nje ya mkoa alimletea dawa ya maji, akidai inashinda salfa, akataka matangazo ya wiki mbili. Marehemu alijua kwamba mkulima wa korosho hanunui kwa maandishi mazuri, huuliza kwanza, "Nani amepulizia?" na ukanda wetu huu mzima jibu lililoaminika lilikuwa la Mzee Kibwana, ambaye kila dawa ngeni huipulizia mti mmoja tu, akaufunga kitambaa chekundu, akangoja siku kumi bila kusema neno, si jema wala baya. Marehemu akampelekea chupa. Jumamosi, tarehe 27 Juni, mjomba alipulizia, akafunga kitambaa, akamwambia, "Siku kumi, mwanangu," na marehemu akampiga picha akiwa ameshika tawi.

Siku ya tatu, Jumanne, tarehe 30 Juni, mfanyabiashara alipiga simu akisema tangazo litoke leo au ampe mtu mwingine, na siku hiyohiyo chuo cha Dodoma kilikuwa kimetoa orodha ya wasiomaliza ada, mdogo wake huyohuyo wa mwisho, aliyekuwa mwaka wa pili, akiwa kwenye orodha hiyo. Marehemu aliiweka ile picha, kitambaa kikionekana vizuri, akaandika chini yake, "Mjomba Kibwana amepulizia, ameridhika." Ada ililipwa jioni ile. Mdogo wake alifanya mitihani na kuhitimu, na hakujua ada hiyo imetoka wapi hadi miezi mitatu baadaye.

Jumatatu, tarehe 6 Julai, siku ya tisa, mjomba alikuta maua ya mti wake yamekuwa meupe, akafungua kitambaa, lakini wakulima thelathini na saba walikuwa wameshanunua na kupulizia, na wengi walipoteza nusu ya maua kabla hawajapata salfa. Hawakuja Mtanda, walikwenda Kitomanga, wakamwambia mjomba, "Kibwana, sisi hatukuamini simu, tulikuamini wewe." Mzee Kibwana hakusema kwamba hakuulizwa, wala kwamba yeye hasomi na hakuona kilichoandikwa, alisema tu, "Mtoto wa dada yangu ni wangu, mnidai mimi," na msimu huo aliwagawia salfa yake hadi miti yake mwenyewe ikakosa. Kwa marehemu alituma neno moja, kupitia kwa mama, "Jina langu asiliandike tena."

Marehemu alilia siku mbili, siku ya tatu akapanda nyuma ya pikipiki ya mumewe. Kwa wiki saba alizifikia nyumba zote thelathini na saba, kuanzia Mchinga hadi upande wa Kilwa, akipiga hodi, akisema shikamoo, kisha akisema kwamba mjomba hakuridhika, yeye ndiye aliyeandika hivyo. Wengine walimpa kiti, wengine walimwacha asimame juani, na bibi mmoja wa Kiranjeranje alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Haya, umesema. Sasa nisaidie kupalilia," naye akapalilia hadi adhuhuri. Maneno hayohayo aliyaweka juu kabisa ya ukurasa wake, na yako pale hadi leo, yeyote anayeufungua hukutana nayo kwanza. Tangu hapo kila aliyetaka kutangaziwa aliambiwa angoje siku kumi, akipenda asipende, na waliopenda walikuwa wachache. Kipato kilipungua zaidi ya nusu na hakikurudi tena.

Kwa mjomba alikwenda kila Idi na kila Krismasi, akapokelewa, akalishwa, akaulizwa habari za watoto, lakini habari za ukurasa hakuulizwa hata mara moja, na jina la Kibwana hakuliandika popote kwa miaka mitano.

Mnamo Septemba 2022 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi ileile ya nyuma, na tarehe 14 Oktoba 2022 madaktari walimweleza kwamba moyo wake umetanuka. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kulala wodini mara nne, na katikati ya hayo aliendelea kuandika, kwanza akiwa ameketi, baadaye akiwa amelala juu ya mito mitatu, na mwisho akisema huku Cecilia akimwandikia. Alichoka, na familia haioni sababu ya kulificha hilo, alichoka kwa ugonjwa na alichoka kwa kazi, na alipoambiwa aache alijibu, "Nikiacha, la mwisho wanalolikumbuka litakuwa lile."

Alilazwa kwa mara ya mwisho Jumapili, tarehe 6 Julai 2025, na aliaga dunia Alhamisi, tarehe 17 Julai 2025, saa nane na robo mchana, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, miezi tisa na siku nane. Ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi, wadogo wawili na mjomba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka mitatu, majirani wa Mtanda waliopika na kuteka maji kwa ajili ya watoto bila kuitwa, madereva wenzake Imani waliosimamisha kazi siku mbili, akina mama wa Kisiwani, na wakulima wote waliokuja, wakiwemo ishirini na mmoja wa wale thelathini na saba, tumewahesabu.

Limebaki jambo moja, ambalo Mzee Kibwana ameomba lisomwe mwisho. Jumatano, tarehe 16 Julai, saa kumi jioni, alifika wodini kutoka Kitomanga akiwa na kishada cha maua ya mkorosho ndani ya kipande cha gazeti, maua safi, akakiweka juu ya shuka, akasema kwamba kuna salfa mpya ameijaribu kwenye mti wa kitambaa. "Siku kumi zimetimia leo," akamwambia. "Andika. Na jina langu liweke."

Kesho yake asubuhi, saa moja kasoro dakika kumi, marehemu aliomba ainuliwe, akakataa kuandikiwa, akaandika mwenyewe mistari minne polepole. Kisha akafanya ambalo hakulifanya mwaka 2020, alimwita mjomba, aliyekuwa kwenye benchi la nje, akamsomea yote kabla haijatoka. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akasema, "Hapo uliposema nimeridhika, pafute. Msimu haujaisha. Sema nimeona." Marehemu akacheka, mara ya kwanza wiki ile, akalifuta neno hilo, akaandika, "Mjomba Kibwana ameona," akamsomea tena, akangoja atikise kichwa, ndipo akabonyeza, akampa Cecilia simu, akaomba uji.

Stella, umetua gunia. Pumzika, dada yetu, kwa amani uliyoipalilia mwenyewe.