Fundi Bebesha na Mchungwa wa Mkewe

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bebesha, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitindamimba wa fundi viatu. Shule aliishia darasa la saba. Mwenyewe alisema shule ndiyo iliyomwacha, yeye alikuwa amekaa zake.

Mwaka 1970 aliajiriwa kwenye kitalu cha miche nyuma ya kiwanda cha matofali. Huko ndiko alikojifunza kubebesha: kuchanja mche wa mlimau, kupachika kijiti cha mchungwa, kufunga kwa utepe wa nailoni na kungoja vishikane. Mlimau aliuita mbebaji. "Mbebaji ana nguvu, lakini msimwachie achipue chini ya kovu," alituonya. "Atammaliza mwenzake."

Mwaka 1978 alimwoa mama yetu, mshonaji, aliyekuja na mtoto mgongoni na mchungwa mchanga ndani ya kopo. Jirani mmoja mdaku akauliza, "Mtoto wa nani huyo?" Baba akamjibu, "Si unaona nimembeba mimi? Basi!" Mtoto huyo ndiye dada yetu mkubwa, na neno la baba wa kambo halijawahi kutamkwa nyumbani kwetu.

Mama alifariki mwaka 2016, na mchungwa wake ukafuata kwa ugonjwa wa mizizi. Baba aliwahi kuokoa kijiti kimoja, akakibebesha kwenye mlimau chini ya dirisha la chumba chake. Kila asubuhi aliusalimia mche ule, "Umeamkaje, mama?"

Kisha kisukari kikamla macho. Tukitaka kumsaidia kupogoa, alifoka, "Kisu changu kinanijua!" Siku moja alipapasa kovu kwa kidole gumba, akakosea. Aliliacha chipukizi la mlimau, akakata kijiti cha mama. Dada alikiokota, akajaribu kukirudishia. Wapi! La kuvunda halina ubani.

Baba aligundua mwenyewe alipochomwa.

"Miiba hii ya nani?"

"Ya mlimau, baba."

"Na mama yenu?"

Dada alilia. Akamuuliza baba kama aung'oe mlimau.

"Uache. Mbebaji hana kosa."

Tangu hapo alikataa dawa. Alifariki nyumbani tarehe 4 Juni mwaka huu, dirisha likiwa limefungwa kwa amri yake.

Ameacha watoto watatu, wajukuu watano na mlimau mmoja unaozaa sana. Mchungwa hakuuacha.

Pumzika, baba. Tumekuzika na kisu chako.