Bekelech Tufa na Maji ya Weyo

Bekelech Tufa Dadhi, tunayemzika leo, alikuwa binti wa Tufa aliyeanzisha kilimo cha vitunguu hapa Weyo, mjukuu wa Dadhi aliyenywesha ng'ombe wa wageni kabla ya kuwanywesha wake. Huko ndiko alikotoka, na hakuwaaibisha.

Alizaliwa hapa hapa tarehe 12 ya mwezi wa Tiri 1951, kwa kalenda yetu ya Ethiopia, wa pili kwa mama yetu Shitaye. Wa kwanza ni mimi. Mimi niliishia darasa la sita. Yeye alisoma Meki, kisha chuo kikuu Addis Ababa, kemia. Mwaka 1975 aliajiriwa kwenye maabara ya maji, Adama. Mwaka 1978 aliolewa na Mwalimu Megersa Lenjiso, ambaye alizoea kufungua kabati la vyombo akakuta chupa za maji ya visima vya watu.

Mwaka 1989 alipima kisima chetu akakuta floridi nyingi, ile inayotia watoto meno ya kahawia na kupinda mifupa miaka ikienda. Akamweleza mwandishi wa gazeti. Gazeti likaandika: "Kisima cha Weyo ni sumu." Tukakiacha siku hiyo hiyo, tukarudi kuteka mtoni. Kuhara kukaingia nyumba hadi nyumba. Binti yangu Chaltu, wa miaka mitatu, alikwenda nako.

Msibani watu walimtukana mwandishi. Bekelech akasema, "Mwacheni. Aliandika nilichomwambia. Mimi sikumwambia mnywe wapi." Akalala sakafuni kando yangu mpaka matanga yakaisha.

Tangu hapo, mwandishi yeyote aliyemtafuta aliletwa kwanza kwa mama, wakati wa kahawa, amweleze yeye. Mwezi uliofuata akaja Tolera Guta wa redio. Alieleza mpaka kikombe cha tatu. Mama akamwambia, "Baba, unasema vizuri, hata kasisi wetu hakufikii. Ila bado nina kiu. Ninywe wapi?"

Bekelech akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Anza upya, mdogo wangu. Anzia hapo."

Ndipo Tolera akatangaza: maji ya mto tuchemshe tunywe, ya kisima tufulie, maana floridi haitoki kwa kuchemsha. Tulifanya hivyo mpaka bomba likafika, na hatukuzika mtoto mwingine kwa kuhara.

Saratani ya ini ilimshika mwaka jana. Alifariki nyumbani Adama, alfajiri ya tarehe 9 ya mwezi wa Megabiti 2016. Ameacha mumewe, wanawe Obse na Gemechu, wajukuu watatu, na mimi niliyetakiwa kutangulia. Mungu ampumzishe, alichoka kweli.

Juma moja kabla hajafariki, majibu ya vipimo vya visima vya kijiji cha Gura yalimfikia kitandani, floridi imezidi. Tolera, sasa mwenye mvi, alitaka kuyasoma redioni jioni ile. Bekelech akamshika mkono.

"Subiri kidogo. Kwanza nenda Gura, ukae na wanawake mpaka wakuonyeshe watateka wapi asubuhi. Hilo ndilo utangulize. Mimi sitakuwepo kukurudisha mwanzo, Tolera. Kazi hii ni yako."