Vigingi Vitatu vya Tuta la Thangmo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Wilaya, Mheshimiwa Lama wetu, ndugu wageni mliopanda mlima siku mbili kuja kwetu, wazee wangu, kina mama, na wewe Injinia Bishnu Khatiwada tunayekuaga kwa kustaafu: tashi delek, heri kwenu nyote.

Mimi Yangji, mkuu wa kamati ya malisho, nimeombwa nimsifu Injinia kwa maneno machache. Wanaonijua wameshaanza kucheka.

Miaka sita iliyopita alikuja na nyaya na vigingi vya chuma, akavipanga juu ya tuta la mawe linalozuia ziwa letu. Alipitisha umeme ardhini ili ajue kama ndani yake kuna barafu iliyofukiwa. Barafu hukataa umeme, udongo wenye maji huupitisha. Na barafu hiyo ikiyeyuka, tuta hutitia, ziwa likatushukia lote. Kwa kuwa mawe yalikuwa makavu, kila kigingi alikilowesha maji ya chumvi. Sasa nawauliza, ndugu zangu: ni nani mwenye akili timamu anayemwaga chumvi kwenye malisho ya yaki, hawa ng'ombe wetu wa manyoya marefu?

Asubuhi nikamkuta yaki wangu, Norbu, amelamba mpaka akang'oa vigingi vitatu. Injinia alikuwa bado anakunywa chai. Kwa aibu nikavirudisha upesi, nikigonga kwa jiwe. Mahali pake vilikataa kuingia, nikavichomeka pembeni, kwenye udongo laini. Nikanyamaza.

Majibu yakatoka: hakuna barafu! Kijiji kizima kikacheza. Nami ndio kwanza nilikuwa nimeezeka nyumba ya wageni kando ya mto unaotoka ziwani. Ningesema ili iweje? Lakini kila nilipomwona binti yangu akifua mtoni, niligeuka kulitazama tuta.

Siku ya tano nikamkuta Injinia akifunga mizigo.

"Injinia, nitukane tu. Yaki wangu aling'oa vigingi vyako vitatu, nami nikavichomeka ovyo."

"Kwa nini hukuvirudisha palepale, dada?"

"Palikuwa pagumu! Kimoja kilipinda."

Akaiachia kamba ya mzigo. "Pagumu kiasi cha kupinda chuma?" Kisha akawageukia wenzake: "Fungueni mizigo."

Wenzake walinuna, maana sikukuu ya Dashain ilikuwa imekaribia. Naye mama yake alikuwa anamngoja ampake tika, alama nyekundu ya baraka, kwenye paji la uso. Hakwenda. Mwaka uliofuata mama hakuwepo tena wa kumpaka.

Walipopima upya, barafu ilikuwepo palepale pagumu, unene wake kama nyumba tatu zilizopandana. Mfereji ukachimbwa, ziwa likashushwa. Nyumba yangu niliibomoa mwenyewe, huku nalia na kumlaani Norbu. Masika iliyopita kipande kile cha tuta kilianguka. Maji yaliyotoka yalikuwa machache, ila pale ilipokuwa nyumba yangu leo kuna mawe matupu. Binti yangu ndiye yule pale, anawamiminia chai.

Injinia, hiki hapa kigingi kilichopinda. Nimekitunza miaka sita. Vijana wako wakikuuliza barafu ya Thangmo ilipatikanaje, usisifu mashine peke yake. Waambie mwanamke mmoja alikuja kutukanwa, ukamwuliza swali.

Nawashukuruni kwa masikio yenu. Karibuni viazi, na msihofu: Norbu nimemfunga.