Dakika Tano za Bwana Saa

Marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Saa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, hatua chache kutoka stesheni. Alikuwa wa kwanza kati ya wana wawili wa fundi wa reli. Mama yao alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alijifunza kutembea akiwa ameshikilia mizani ya vifurushi.

Alisoma shule ya mjini hadi mwaka 1963. Miaka miwili baadaye aliingia chuo cha reli, akarudi na cheti, kofia, na mahubiri yasiyokwisha kuhusu kuwahi. Mdogo wake ndiye aliyeyasikiliza zaidi, maana walilala chumba kimoja.

Alianza kazi kwa kukata tiketi dirishani, na mwaka 1974 akawa mkuu wa stesheni. Stesheni ile, iliyofunguliwa mwaka 1931, ilikuwa na vyumba viwili, benchi moja na tangi la maji, lakini mji wote ulipitia pale: barua, telegramu, vyerehani, maharusi na majeneza. Treni ya abiria iliondoka Jumatatu na Alhamisi, saa tatu na robo asubuhi. Marehemu alimkabidhi dereva pete kubwa ya chuma, ndiyo ruhusa ya njia, na bila pete hiyo treni haikusogea.

Alikuwa mkali wa muda, lakini aliwaonea huruma wachelewaji. Kwa hiyo saa ya ukutani pale stesheni aliisogeza mbele dakika tano, siri iliyojulikana na watu wa nyumbani kwake tu.

Tarehe 18 Desemba 1971 alifunga ndoa na fundi cherehani. Katikati ya karamu treni ya mizigo ilipiga honi, na bwana harusi akachomoka mbio na suti yake kwenda kuipokea, ingawa zamu haikuwa yake. “Mimi ni mke mdogo,” mjane amekuwa akitutania tangu siku hiyo. “Mke mkubwa yuko kule relini.”

Alhamisi, tarehe 9 Juni 1983, mama yao alikuwa mahututi katika hospitali ya mbali. Mvua ilikuwa imekata barabara. Marehemu alikuwa kazini, hivyo mdogo wake ndiye aliyepaswa kwenda. Asubuhi ile mkaguzi alifika bila taarifa, akairekebisha saa. Mdogo hakuambiwa. Alikaa mgahawani ng’ambo ya reli, akaitazama saa ya stesheni ikifika tatu na robo, na kwa kuwa alijua siri, akaagiza chai nyingine. Honi ndiyo iliyomshtua. Marehemu alimwona akija mbio na mkoba karibu na tangi, pete ikiwa bado mkononi mwake. “Unangoja nini?” mkaguzi akamuuliza. Marehemu akampa dereva pete.

Mama alifariki Jumamosi, kabla ya treni nyingine. Mdogo alisema, “Ulikuwa na mama mmoja kama mimi, ukachagua kofia.” Tangu hapo walipeana salamu za misibani tu, miaka arobaini. Marehemu hakujitetea. Inatuuma kwamba hakuna aliyemlazimisha mwenzake kukaa chini.

Stesheni ilifungwa tarehe 30 Septemba 2006. Marehemu aliomba saa, akaitundika sebuleni, ikiwa mbele dakika tano kama zamani. Mwaka 2021 alianza kuugua figo. Februari mwaka huu wa 2024 mjane alimpigia shemeji yake, naye akaahirisha mara mbili, kwa kiburi tu. Alifika Ijumaa, tarehe 1 Machi, mchana. Mgonjwa alifungua macho, akatazama saa ukutani.

“Umewahi,” akasema.

“Sijawahi, kaka. Nimechelewa sana.”

“Saa yangu iko mbele. Kaa.”

Wakakaa hadi jioni wakiwa wameshikana mikono. Alifariki kesho yake alfajiri.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na mdogo wake mmoja, ndiye huyu anayewasomea. Saa ile hatutairudisha nyuma, kaka. Lala salama, na mama ukimkuta, mwambie nilikuwa nakuja.