Upepo Haurudishi Muda

Kwenye benchi la kibanda cha kahawa cha Abdoulaye, pale Bobo-Dioulasso karibu na mafundi wa matairi, hakuna aliyewahi kushinda mbio za baiskeli, na hakuna asiyejua namna ya kuzishinda. Wiki ile harmattan, upepo mkavu wa jangwani, ilivuma mpaka vumbi likaingia kwenye maziwa ya kopo. Klabu ya mtaa ilibakiwa na nafasi moja ya mbio kubwa, na sharti lake moja: kilomita thelathini hadi mzani wa malori, kilomita thelathini kurudi, wastani wa thelathini kwa saa. Korotimi alikuwa amejaribu mara mbili, akashindwa mara mbili. Jaribio la mwisho lilikuwa kesho. Alisimama ameegemea baiskeli, kikombe mkononi, akisikiliza miguu yake ikipangiwa kazi na watu waliokaa.

Wa kwanza kusema alikuwa mzee Drissa, waliyemwita Kocha, ingawa goti lake lilishaisahau pedali.

— Mwenda pole hajikwai, mwanangu. Kwenda, upepo unakupiga usoni, we piga ishirini tu. Kurudi unakusukuma, piga arobaini.

— Ishirini na arobaini, sitini, akadakia Lassina, jina la kijiweni Kikokotoo. Gawa kwa mbili. Thelathini hiyo, imenyooka kama spoku.

Kocha akaeleza kwamba upepo haudhulumu mtu: ukikunyang'anya kumi asubuhi, unakurudishia kumi mchana. Kikokotoo akapanda juu zaidi. Hata akienda kwa tano, alisema, ilimradi arudi kwa hamsini na tano. Kocha hakukubali kupitwa. Akadai kwamba anayerudi alipoanzia hajaenda popote, na asiyekwenda popote hana mwendo wa kupimwa, basi klabu impe binti nafasi yake waache kumsumbua.

Korotimi alicheka nao, lakini moyo haukucheka. Mpango huohuo ndio alioufuata mara zote mbili. Mara zote alirudi akipaa, na mara zote mwenye saa wa klabu alitikisa kichwa. Alikuwa ameanza kuamini kwamba miguu yake ndiyo inayomdanganya.

Pembeni alikaa mwanamke mgeni, akisubiri fundi amzibie tairi la pikipiki. Akauliza kwa upole:

— Samahanini, wazee. Akienda kwa ishirini, huko mzani anafika baada ya muda gani?

— Saa moja na nusu, akasema Kikokotoo.

— Na muda wote aliopewa?

— Saa mbili.

— Sasa hiyo nusu saa iliyobaki, atarudi nayo vipi?

Kocha akalalamika kwamba kahawa imezidi sukari.

Korotimi akaweka kikombe chini. Kilomita za kwenda na za kurudi zilikuwa sawa, ila saa hazikuwa sawa. Ndani ya upepo alikaa muda maradufu ya ule wa kurudi; ule mwendo wa kinyonga ndio uliokula safari. Kumbe alikuwa akitunza nguvu mahali pa kuzitumia.

— Kesho naenda kwa ishirini na tano, akasema.

— Utakufa, akasema Kocha.

— Nitakufa nikiwa njiani kurudi, mjomba. Huko upepo utanibeba.

Asubuhi aliingia kwenye harmattan kichwa chini, meno yakisaga mchanga. Kila paja lilipomwomba apunguze, alilinyima. Alifika mzani kifua kinawaka, akazunguka, na mara dunia ikawa kimya: upepo ulikuwa mgongoni, barabara inamwagika chini yake kama maji, pumzi, pedali, pumzi, pedali, hadi mti wa mwisho, hadi kibanda, hadi benchi.

Mwenye saa akaitazama saa yake. Akaitazama tena.

— Saa moja na dakika hamsini na nane.

Benchi zima likasimama, vikombe bado vimejaa. Korotimi alinyoosha mkono tu, kudai jezi yake ya klabu.