Ng'ombe Aliyekula Paa la Mama Dalmas

Benchi la Mama Dalmas lilikuwa ubao mmoja juu ya mawe mawili, pale Njoro karibu na reli, kwenye kivuli cha kibanda chake cha mabua. Mwaka ule mvua ilikataa kuja, na chai yake ilikuwa na maziwa ya kuambiwa tu. Asubuhi hiyo Wangeci alifika akivuta ng'ombe wake, mwenye mimba kubwa na mbavu za kuonekana ukiwa ng'ambo ya reli. Ng'ombe hakuwa na jina. Wa kukamua hahitaji. Lakini bwana wa shamba alikofanya kazi alikuwa amemruhusu Wangeci kufuga huyo mmoja tu, na akifa, hatapewa ruhusa ya mwingine. Malisho yalikuwa yamekwisha. Mabua ya ngano yaliyoachwa na mashine ya kuvuna yalikuwa ya bure, na ng'ombe alikuwa ameyakataa tangu Jumapili. Wangeci alimfunga kwenye nguzo ya nyuma ya kibanda, akatua mzigo wa mabua, akakaa. Hakuja kutafuta ushauri. Alikuja kupumzisha miguu. Ila kwenye benchi lile ushauri nao ulikuwa wa bure, na haukumezeka kwa urahisi kuliko mabua.

— Amekataa tena? aliuliza Wanyoike kutoka mwisho wa benchi. Walimwita Daktari, kwa sababu zamani alishika mikia ya ng'ombe kwenye josho la mzungu.

— Ananusa, ananiangalia kama mimi ndiye nimekosa.

— Unampa mazima, mama. Katakata, nyunyizia chumvi na molasi. Hapo atalamba hata karai.

— Molasi natoa wapi? Si wewe unaiweka yote kwa chai?

— Mimi nasema tu vile inafaa.

— Wacha huyo, alisema Obura, aliyeitwa Injini kwa kuwa alifanya kazi kwa gari la moshi na hakuna aliyeruhusiwa kusahau. Mabua ni magumu kwa sababu ni mabichi.

— Mabichi? Yamekauka mpaka yanalia.

— Hayajapikwa! Nipe huo mzigo niweke mahali mvuke unatoka. Tukifika Molo yatakuwa uji.

— Na uji utarudi lini? aliuliza Wangeci.

— Kesho kutwa, tukirudi kutoka Kisumu.

— Shemeji, alisema Mama Dalmas, bila kugeuka kwenye sufuria yake, kesho kutwa huyo ng'ombe atakuwa ngozi.

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu ambao hawajashiba. Wangeci hakucheka. Usiku alikuwa ameweka mkono kwenye ubavu wa ng'ombe, ndama akasukuma mara moja, kama mtu anayegonga mlango bila nguvu.

Daktari alisogea mbele. Sasa alikuwa amepata moto.

— Shida si mabua. Shida ni tumbo halina akili ya mabua. Chukua kile ng'ombe ya bwana anacheua, kitoe mdomoni, umpe huyu ameze. Tumbo litafundishwa.

— Nani ataingiza mkono kwa mdomo ya ng'ombe ya bwana?

— Wewe. Mimi nitashika mkia.

— Sawa basi, alisema Injini, kama ni kufundisha, tuanze na ndama akiwa huko ndani. Mama yake apakwe maji ya mabua kwa tumbo...

— Obura, kunywa chai yako unyamaze, alisema Mama Dalmas.

Hapo ndipo Chepchirchir, mama mmoja aliyekuwa akipita na kibuyu cha maji, aliposimama.

— Habari ya hapa. Nani ameambia huyu ng'ombe akule nyumba?

Wote wakageuka. Kwenye paa, upande wa nyuma, mbingu ilikuwa ikionekana. Ng'ombe alikuwa amenyoosha shingo, anachomoa paa kwa mafungu, anatafuna macho nusu yamefungwa.

— Hiyo si ni mabua? alisema Daktari, polepole.

— Ya ngano, alisema Mama Dalmas. Ya shamba hilo hilo.

Wangeci alichomoa konzi moja, nyeusi kwa moshi, akatafuna. Ilikuwa laini, na ilikuwa na chumvichumvi kama mboga iliyozidishwa chumvi.

— Mama Dalmas, umeyafanyia nini?

— Hakuna. Yale maji ya jivu nachuja ya kulainisha mboga ya mrenda, yakibaki namwaga juu, mchwa wasikule paa.

— Si nilisema chumvi! alipiga kelele Daktari.

— Ulisema molasi, alisema Injini.

Wangeci alishika kamba amvute ng'ombe, Mama Dalmas akamzuia.

— Mwache. Amalize upande huo. Upande ya jiko hapana.

— Na ni tangu lini unamwaga? aliuliza Chepchirchir.

— Tangu paa iwekwe. Mwaka juzi.

— Sasa hiyo paa ikiisha kabla hajazaa, mtangoja miaka miwili mingine?

Injini alinyoosha kikombe chake.

— Ongeza chai, mama, alisema.

— Imeisha.

Wangeci aliingia kibandani, akatoka na mkebe wa maji ya jivu, akaumwaga wote kwenye mzigo wake. Akapindua mabua kwa mguu, akayakanyaga mpaka yakaloa chini na juu. Ng'ombe hakugeuka hata kuangalia. Aliendelea na paa.