Evalyne Kathini na Uso Ambao Hakuuona

Wachungaji, wazee, majirani, na nyote mliofika hapa shambani leo, Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, familia imenituma mimi Mulwa, kaka mkubwa wa marehemu, niwasomee maisha yake, na imeniambia nisome polepole, kwa sababu tunajua wako vijana kati yenu wanaongoja tu kaburi lifunikwe ndipo waende kumchoma mtu aitwaye Ouko, yule fundi wa pancha, na kwenye simu zao wako na picha wanayosema marehemu aliichora kabla ya kufa. Hao nawaomba wakae hadi nimalize.

Evalyne Kathini Musila alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 kule Migwani, Kitui, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Musila na Mama Ndanu, ambaye tuko naye hapa, na tangu utotoni alishika kila kitu kwa mkono wa kushoto, kijiko, jembe, hata kijiti alichochorea mbuzi mchangani. Alipoingia darasa la kwanza mwaka wa 1983 mwalimu wake aliamua kuutoa huo ushoto kwa kiboko, akawa anampiga juu ya vidole kila asubuhi, hadi kidole cha kati kikavunjika na kupona kikiwa kimepinda, lakini mkono wenyewe haukubadilika. Mimi nilikuwa darasa la tatu, nilimsikia akilia upande wa pili wa ukuta, na hasira ya siku hizo bado ninayo.

Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1994, na Februari 1997 akapata kazi ya ukarani kwa wakala wa kutoa mizigo forodhani pale mpakani Namanga, ambako madereva walikuwa wakingoja stakabadhi hadi wakalala chini ya malori yao, naye akawachora wakikoroma, kwa kuwa alisema mtu aliyelala ndiye mfano bora kwa anayeanza, hasogei na halalamiki. Hapo ndipo alipokutana na Bwana Wangila, mekanika kutoka Bungoma, aliyeamka na kukuta tumbo lake limechorwa kubwa kuliko alivyodhani, wakagombana, wakapatana, na tarehe 8 Desemba 2001 wakafunga ndoa kanisani Kajiado mjini. Mungu aliwajalia binti mmoja, Immaculate, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 2002, na mwaka wa 2010 wakahamia Kitengela.

Mwaka wa 2014 alianza darasa la kuchora kila Jumamosi kwenye baraza ya nyumba yake, si la wasanii, bali la watu wenye kazi zao, manesi, madereva, wastaafu, watu waliotaka tu kutuliza mikono yao baada ya wiki ndefu. Aliwafundisha kuchonga penseli kwa wembe ili risasi itokeze ndefu, kuishika mbali na ncha na kuchora kwa bega zima badala ya vidole, kuanza na penseli ngumu ya HB kwa mistari hafifu na kuiacha ile laini ya 6B ingoje vivuli, kufinya macho ili kuona pa giza na pa mwanga, na kugeuza mchoro kichwa chini kila mara, kwa sababu kosa lisiloonekana likiwa wima huonekana likiwa limepinduka. Makaa ya kuchorea hakununua, alifungia vijiti vya mti wa leleshwa ndani ya kopo la kakao na kulitia motoni hadi moshi ukome, na kwa kufutia alitumia mkate wa jana uliokandwa. Anayeanza huweka macho juu sana, karibu na nywele, ilhali macho hukaa katikati ya kichwa, na kila aliyefanya hivyo aliambiwa amemnyang'anya anayechorwa ubongo.

Sasa nafika mahali ambapo wengine wangetaka nipite haraka, na familia imekataa nipite.

Alhamisi tarehe 15 Agosti 2019 jambazi aliingia kwenye duka moja karibu na kwao akamkatakata mwenye duka kwa panga hadi akafa, na aliyemwona alikuwa msichana wa dukani, Shirleen, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya magunia. Majirani walimwita marehemu achore uso wa jambazi kama Shirleen anavyoueleza, naye akakaa pale kwenye kaunta, damu ikiwa bado sakafuni, akachora kwa makaa ya leleshwa, haraka, jasho likimtoka, na kwa kuwa mchoraji wa mkono wa kushoto huburuta kiganja juu ya alichokwisha chora, kiganja chake kilivuta weusi wa nywele hadi shavuni. Aliliona lile doa, akageuka kuitisha kipande cha mkate alifute, na katika kugeuka huko mtu akaupiga mchoro picha kwa simu, na kabla doa halijafutwa picha ilikuwa imeenea mtaa mzima.

Kesho yake asubuhi kijana Lemayian, aliyekuwa akiuza maziwa, na aliyezaliwa na alama nyeusi shavuni, alizungukwa na watu akiwa na mtungi wake mkononi. Walimvunja miguu kwanza ili asikimbie, wakampiga mawe hadi akaacha kuita mama yake, kisha wakamvalisha tairi na kumwasha. Shirleen alipoonyeshwa picha ya kijana huyo alisema si yeye, jambazi hakuwa na alama yoyote usoni.

Marehemu alikwenda mwenyewe polisi na mchoro wake, kisha akaenda Kajiado kwa Nalotuesha, mama wa kijana huyo, akamweleza lile doa lilivyotokea. Nalotuesha alimuuliza, "Umekuja kuniangalia ndio unichore na mimi?" akachukua fimbo ya ng'ombe akampiga nayo mgongoni hadi fimbo ikakatika, na dada yangu hakuinua mkono. Alirudi tena, na tena, hadi wakaweza kuketi pamoja, na leo Nalotuesha yuko hapa, amekuja kumzika.

Tangu hapo darasa lilibadilika, na mtu yeyote aliyekuja kujifunza hakugusa penseli kabla ya kufundishwa kuweka karatasi safi chini ya kiganja, kisha alifundishwa kwamba pale usipopaona paache peupe, usijaze kwa mazoea wala kwa huruma wala kwa hasira, hata kama uso utabaki na jicho moja. Wengine walichoka na kuondoka, wakisema walikuja kustarehe, naye hakuwabembeleza.

Jumamosi tarehe 7 Juni mwaka huu alikuwa na wanafunzi wake karibu na soko, wakichora punda, kelele ziliposikika kwamba mwizi wa pikipiki ameshikwa. Huyo alikuwa Morgan, ambaye mnamwona pale na magongo yake, na pikipiki yenyewe baadaye ilipatikana kwa fundi, ilikopelekwa na mwenye pikipiki bila kumwambia mwenzake wa kazi. Marehemu aliangusha ubao wake wa kuchorea, akapenya katikati ya watu, akamlalia yule kijana mwili mzima, wakamvuta nywele na miguu, hakuachia, wakampiga mateke ya mbavu, hakuachia, kisha jiwe la ujenzi likatua nyuma ya kichwa chake, na mfupa ulipopasuka, Morgan anasema, watu wote walianza kuondoka mmoja mmoja.

Alikaa hospitalini siku tisa, na siku ya nne alipata fahamu, akazungumza vizuri. Afisa wa polisi alimletea karatasi na penseli, akamwomba amchore aliyetupa jiwe, na mimi nilikuwa nimesimama pale kitandani. Alijibu hivi, "Afande, mimi nilikuwa nimelalia huyo kijana. Niliona tu mchanga na viatu za watu. Sura sikuona, sasa nichore nini?" Akairudisha karatasi ikiwa nyeupe. Aliaga dunia Jumatatu tarehe 16 Juni, saa nne asubuhi.

Kwa hivyo picha iliyo kwenye simu zenu si yake. Ilichorwa na mwanafunzi wake mmoja, kwa uchungu, baada ya kusikia maneno ya watu kwamba Ouko alikuwepo, na mwanafunzi huyo amekuja kwetu akalia na kusema ukweli, nasi tumemsamehe. Kama Ouko alitupa jiwe au hakutupa, mimi sijui, na wewe uliyebeba petroli kwenye chupa ya soda pia hujui.

Familia inawashukuru madaktari na manesi waliopigania uhai wake, majirani waliopika na kulala nasi matanga yote, wakala wa Namanga na wafanyakazi wenzake wa zamani, na wanafunzi wa Jumamosi waliolichimba kaburi hili kwa mikono yao.

La mwisho ni hili, ili mtu asijisumbue kumtafuta Ouko kwake. Bwana Wangila alikwenda kumchukua leo asubuhi, na ndiye huyu aliyeketi mstari wa mbele, kati ya Wangila na Immaculate, mwenye shati la buluu. Mtazameni vizuri, usoni, kila mmoja wenu kwa macho yake. Nikishuka hapa atashika jeneza pamoja nasi, na anayetaka kumgusa atapita kwanza juu ya dada yangu, kama wale wa kwanza.

Lala, Kathini. Kuwazuia hao watu sasa ni kazi yetu.